Kutoka Kambi ya Ngamia hadi Meza ya Torrensville

Alasiri ya tarehe 20 Agosti 1860, umati wa watu wa Melbourne ulifurika katika bustani ya Royal Park kuuaga msafara wa Robert O'Hara Burke, uliokuwa ukienda kulivuka bara la Australia kutoka kusini hadi kaskazini. Macho ya wengi yalikuwa kwa ngamia. George Landells alikuwa ametumwa Bara Hindi kuwanunua, na mwezi Juni mwaka ule akarudi na ngamia 24 waliopakiwa melini Karachi, pamoja na watu waliojua kuwafunga mizigo, kuwalisha na kuwatuliza. Mmoja wa watu hao aliitwa Samla, naye alikuwa Mhindu. Siku chache tu baada ya msafara kuondoka aliomba aachwe aende zake. Dini yake haikumruhusu kula kilichopikwa kambini, na tangu safari ianze alikuwa akiishi kwa mkate na maji.

Naanza na Samla kwa makusudi, ingawa hakuwa Mwafghani. Historia ya Waafghani nchini Australia husimuliwa mara nyingi kwa ngamia, nyaya za telegrafu na reli. Mimi nataka kuisimulia kwa sahani. Watu hawa walibeba unga, chai na sukari za wengine hadi katikati ya jangwa, wakawalisha wachimba madini, wajenzi wa reli na wafugaji wa kondoo, na bado ikapita zaidi ya karne moja kabla majirani zao Wazungu hawajaketi kula kwao. Sababu zake hazikuwa za mapishi hata kidogo.

Burke alifia njiani, lakini ngamia walikwisha kuonyesha wanachoweza. Mwishoni mwa mwaka 1865 Thomas Elder, mfanyabiashara na mfugaji mkubwa wa Australia Kusini, aliteremsha Port Augusta ngamia zaidi ya 100 na wachunga ngamia 31. Katika miaka sitini iliyofuata, watu kati ya 2,000 na 4,000 waliingia nchini kwa kazi hiyo. Wote waliitwa Waafghani, na kwa mkato Ghan, japokuwa wengi hawakuwa watu wa Kabul wala Qandahar. Wengine walitoka Peshawar, wengine Punjab na Sindh, wengine walikuwa Mabulushi. Msomaji wa Mombasa au Unguja anawajua Mabulushi hao kwa upande mwingine kabisa: ni askari walioletwa na masultani wa Oman, wazee wa familia ambazo hadi leo zinahesabu asili yao Makadara ya Mombasa. Watu wa jamii moja walitawanywa na karne moja, hawa wakashika bunduki kwenye ngome za pwani yetu, wale wakashika hatamu za ngamia upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Kazi ilikuwa ya sulubu. Waya wa telegrafu uliounganisha Port Augusta na Darwin ulikamilika Agosti 1872, na ngamia wa Elder walikuwa miongoni mwa waliovuta vifaa na vyakula vya wajenzi wake. Ngamia dume mwenye nguvu aliweza kubeba hadi kilo 600. Farasi na maksai walikufa kwa kiu pale ambapo yeye alipita. Migodi ya Australia Magharibi na mashamba ya kondoo ya kaskazini yasingesimama bila msafara wa Mwafghani uliofika mara chache kwa mwaka na magunia.

Lakini msafara ulipofika mjini, mahali pake palikuwa pembeni. Marree, ambayo zamani ikiitwa Hergott Springs, ni mji mdogo ambao reli iliupasua katikati: upande mmoja hoteli, duka na nyumba za Wazungu, upande wa pili vibanda vya mabati vya wachunga ngamia na makazi ya wenyeji wa asili wa nchi. Makazi ya namna hiyo yaliitwa Ghantown. Pale Marree walijenga msikiti wa udongo wenye paa la nyasi, wakachimba mfereji wa maji ya kutawadhia mbele yake, wakapanda mitende. Walichinja wenyewe, wakaoka mikate bapa juu ya makaa, wakapika mchuzi wa bizari na wali kila mchele ulipopatikana. Chakula chao kilikuwepo. Harufu yake bila shaka ilivuka reli kila jioni, lakini hakuna aliyevuka kwenda kukila; waliokila ni wenzao wa upande uleule tu.

Wanaume wale walikuwa peke yao, na hilo ndilo jambo ninaloliona kuwa kiini cha kisa chote. Waliletwa kwa mikataba ya miaka michache, kama vyombo vya kazi, na wake zao walibaki nyumbani. Baadhi walioa wanawake wa makabila ya asili, wachache walioa Wazungu, na kutoka ndoa hizo zikatokea familia zinazojivunia asili hiyo hadi sasa. Lakini wengi walizeeka bila mke wala mtoto karibu. Mwaka 1901 koloni zilipoungana na kuwa nchi moja, moja ya sheria za kwanza za Bunge jipya ilikuwa ya kuzuia wahamiaji wasio Wazungu. Mwaka 1903 ikafuata sheria ya uraia iliyowafungia mlango wenyeji wa Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki. Mtu aliyekuwa ameishi huko miaka thelathini akawa mgeni tena kwa maandishi. Mtu wa namna hiyo hafungui mgahawa. Anaweka akiba, anangoja meli, au anangoja kifo.

Mgogoro wa chakula uligeuka damu mara moja, mjini Broken Hill, siku ya mwaka mpya wa 1915. Mullah Abdullah alikuwa mchunga ngamia wa zamani aliyekuwa akiwachinjia Waislamu wenzake. Siku chache kabla alikuwa ametiwa hatiani kwa kuchinja kondoo mahali pasipo na leseni, na mkaguzi wa afya wa mji alikuwa amemwandama kwa jambo hilo kwa muda. Mwenzake, Gool Mahomed, alikuwa na mkokoteni wa kuuza aiskrimu mitaani. Asubuhi ile waliutumia mkokoteni huo kubebea bunduki, wakatundika bendera ya Uturuki, wakalipiga risasi treni lililojaa watu wa mji, wanawake na watoto wakiwemo, waliokuwa wakienda pikiniki kwenye mabehewa ya wazi ya kubebea madini. Watu wanne waliuawa, na washambuliaji wawili pia wakafa. Usiku ule umati uliichoma klabu ya Wajerumani, kisha ukageukia kambi ya Waafghani, ukazuiwa njiani. Hakuna udhia wa leseni unaohalalisha kumpiga risasi mtoto anayekwenda pikiniki. Ila mwanahistoria wa chakula hawezi kupita hapo bila kusimama: watu wawili ambao mji ule uliwajua kwa nyama na aiskrimu, na barua aliyoiacha mmoja wao ikimtaja mkaguzi huyo wa afya.

Baada ya vita kuu ya kwanza malori yakaingia jangwani, na ndani ya miaka kumi na tano hivi biashara ya ngamia ikafa. Agosti 1929 treni la kwanza lilifika Alice Springs kutoka Adelaide, likipita sehemu kubwa ya njia ya misafara. Likaitwa The Ghan, na jina hilo linaendelea hadi leo. Kwa hiyo nchi iliyowanyima uraia iliwaheshimu kwa kuwapa treni jina lao. Wazee waliobaki walikusanyika kwenye vijumba vilivyo kando ya msikiti wa Little Gilbert Street, Adelaide, uliojengwa kati ya 1888 na 1889 kwa michango yao na kuongezewa minara mwaka 1903. Wahamiaji Waislamu kutoka nchi za Balkani walipowasili baada ya vita vya pili, waliwakuta pale wazee wachache wenye vilemba, wakipikiana na kuzikana.

Ili kuelewa kilichofuata, inabidi tuende Kabul, kwa sababu hata huko chakula kilikuwa na pande mbili. Kilichouzwa sokoni kilikuwa chakula cha wanaume: mishikaki ya kondoo iliyotungwa pamoja na mafuta ya mkia, mkate mrefu wa tanuri, na chai ya kijani yenye iliki katika nyumba za chai ambako wasafiri hukaa juu ya majukwaa yaliyotandikwa mazulia. Katika vichochoro vya Ka Faroshi, soko la ndege, wapishi bado hutengeneza chainaki: nyama ya kondoo, dengu, vitunguu na mafuta hutiwa ndani ya birika dogo la chai, birika likazikwa ubavu katika makaa kwa saa kadhaa, na mteja akalimimina juu ya mkate aliouvunjavunja kwenye bakuli. Ni chakula kizuri, lakini ni cha njiani. Mpishi mmoja na makaa yake wanatosha.

Chakula kikubwa kilibaki nyumbani, mikononi mwa wanawake. Ashak, kwa mfano, ni vifuko vya unga vilivyojazwa majani ya gandana, jamii ya kitunguu kinachofanana na liki. Unga husukumwa mwembamba kabisa, hukatwa vipande, kila kipande hujazwa, hukunjwa na kubanwa kingo kwa vidole. Kisha vyote huchemshwa, hulazwa juu ya mtindi wenye kitunguu saumu na kumwagiwa mchuzi wa nyama ya kusaga na nanaa kavu. Mantu ni ndugu yake, ila hujazwa nyama na vitunguu na hupikwa kwa mvuke. Hakuna mtu mmoja anayewapikia watu ishirini ashak peke yake. Mama, dada, shangazi na mawifi hukaa kulizunguka sinia, mikono inafanya kazi na habari za ukoo zinapita. Ukiondoa wanawake hao, chakula hicho hakipikiki. Wachunga ngamia wa Marree hawakuwa nacho.

Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea ambayo wakati ule hakuna aliyeyaunganisha. Serikali ya Gough Whitlam ilifuta mabaki ya mwisho ya ubaguzi wa rangi katika uhamiaji wa Australia. Na tarehe 17 Julai, Mohammad Daoud alimpindua binamu yake, Mfalme Zahir Shah, wakati mfalme akiwa Ulaya. Mlango mmoja ulifunguliwa huku ardhi ya upande mwingine ikianza kutikisika. Aprili 1978 Daoud naye akauawa katika mapinduzi ya wakomunisti. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yakaingia. Kufikia 1990 Waafghani zaidi ya milioni sita walikuwa nje ya nchi yao, wengi kabisa Pakistan na Iran.

Miongoni mwao walikuwa Zelmai na Farida Ayubi. Waliondoka na watoto wao katikati ya miaka ya 1980, wakapitia Pakistan, wakafika Australia mwaka 1987 na kufanya Adelaide kuwa kwao. Hawakuletwa kubeba mzigo wa mtu. Walikuja kama familia, wakiwa na haki ya kukaa, ya kusomesha watoto na ya kuwa raia, na mama wa nyumba alikuja na mapishi yake kichwani. Miaka zaidi ya ishirini ilipita, wageni wakila nyumbani kwao na kusifia, hadi mwaka 2009 familia ilipofungua mgahawa mdogo uitwao Parwana kwenye barabara ya Henley Beach, Torrensville, kitongoji cha kawaida upande wa magharibi wa jiji. Msikiti wa wachunga ngamia hauko mbali.

Parwana haukuwa mahali pa kwenda na tai. Ulikuwa mgahawa wa mtaa, ambao jirani anapita kazini, anarudi jioni na watoto, anaagiza sahani tatu za kushirikiana. Farida alipika, mabinti wakasaidia jikoni na mezani. Jambo kubwa, na naliona la kihistoria kweli, ni kile walichochagua kuweka mezani: walitoa chakula cha nyumbani, kile kisichouzwa sokoni Kabul.

Sahani iliyowapa sifa ni borani ya mbilingani. Mbilingani hukatwa vipande vinene, hukaangwa hadi ziwe za rangi ya dhahabu, kisha huwekwa katika mchuzi mzito wa nyanya na kitunguu saumu zikaive taratibu mpaka zimelainika kabisa lakini hazijavunjika. Chini huwekwa mtindi wenye kitunguu saumu, juu hunyunyizwa nanaa kavu. Hakuna nyama, na hakuna anayeiulizia. Ninapenda kwamba mji ule ulishindwa na mbilingani. Watu waliokulia kwenye nyama choma na viazi walijikuta wakipangusa bakuli kwa kipande cha mkate.

Halafu kuna wali wa Kabul, na hapa mtu wa pwani yetu lazima aingilie mazungumzo, maana pilau ni yetu pia. Ilitufikia kwa bahari kutoka ulimwengu uleule wa Waajemi na Wahindi. Lakini tulivyoirithi tumeipeleka njia nyingine. Sisi tunakaanga vitunguu hadi viwe kahawia, tunatia bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki, tunachemsha nyama humo, kisha mchele unaivia ndani ya supu hiyo hadi ikauke. Wao huchemsha mchele nusu, wanauchuja, wanauchanganya na supu ya nyama iliyotiwa rangi ya vitunguu na sukari iliyoungua, wanaufunika utokote kwa mvuke wake mwenyewe. Nyama hufukiwa katikati. Juu yake hulazwa karoti zilizokatwa nyembamba kama njiti, zilizopikwa pembeni kwa sukari na iliki, pamoja na zabibu kavu na lozi. Punje hutoka ndefu na kila moja peke yake. Mpishi wa Kabul hupimwa kwa punje hizo. Anayetoka Tanga au Lamu atakosa kachumbari na ukali wa pilipili; ataziona zabibu na kushangaa kidogo, halafu ataongeza kijiko.

Mwaka 2020 binti yao, Durkhanai Ayubi, alichapisha kitabu kilichobeba jina la mgahawa, akachanganya mapishi ya mama yake na historia ya Afghanistan. Zipo kazi kabla yake. Helen Saberi, Mwingereza aliyeishi Kabul na kuolewa na Mwafghani, alichapisha kitabu chake cha mapishi ya Kiafghani mwaka 1986, wakati nyumba alizojifunzia zilikuwa zikivunjwa na mabomu. Lakini kitabu cha Ayubi kinatoka ndani ya jiko lenyewe, na kinakataa wazo kwamba Afghanistan ni vita tu. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Nchi iliyokuwa njia panda ya Uajemi, Bara Hindi, China na nyika za Waturuki kwa zaidi ya miaka elfu mbili imeandika historia yake kwenye sinia: vifuko vya unga kutoka mashariki, wali wa Waajemi, viungo vya Wahindi.

Wakati Waayubi wakiwa wamekwisha kutulia Adelaide, kundi jingine lilikuwa likija kwa njia ngumu zaidi. Wahazara, watu wa milima ya kati ya Afghanistan na wengi wao Washia, walikuwa wakiwakimbia Taliban. Agosti 2001 meli ya mizigo ya Norway iitwayo Tampa iliokoa watu zaidi ya 430, wengi wao Wahazara, kutoka mashua iliyokuwa inazama. Australia ikawakatalia kutua, na wengi wakapelekwa kisiwa cha Nauru. Wengine waliofika miaka ile walipewa vibali vya muda vya miaka mitatu, vilivyoanzishwa mwaka 1999, na sharti lake kubwa lilikuwa hili: mwenye kibali hana ruhusa ya kuleta mke wala watoto.

Kwa mara nyingine Waafghani wanaume wakawa peke yao katika miji ya mbali, safari hii katika machinjio ya Young na Naracoorte. Viwanda vya nyama vilihitaji mikono, na nyama iliyochinjwa kihalali ilikuwa na soko kubwa Mashariki ya Kati. Kazi iliyomtia hatiani Mullah Abdullah sasa ilikuwa inaajiri watu. Walilala wengi nyumba moja, wakapika zamu kwa zamu, wakatuma fedha Quetta, nchini Pakistan, na Kabul. Ni kisa cha Marree kikirudiwa baada ya miaka mia moja, kwa mashine na taa za umeme.

Vibali hivyo vilifutwa mwaka 2008. Familia zikaanza kuwasili, na tazama kilichotokea barabarani: Thomas Street ya Dandenong, karibu na Melbourne, ikajaa maduka ya mikate ya tanuri, vitambaa na mikahawa, hadi ikajulikana rasmi kama soko la Waafghani. Prospect Road, kaskazini mwa Adelaide, ikafuata. Mikahawa ya mwanzo ilikuwa ya mishikaki na mkate. Mantu na ashak vilikuja baadaye, pale ambapo nyuma ya pazia la jiko walikuwapo wanawake wa kukunja unga.

Mwaka 2014 vibali vya muda vikarudishwa. Tarehe 15 Agosti 2021 Kabul ikaanguka mikononi mwa Taliban kwa mara ya pili, na wanaume waliokuwa wamengoja miaka kumi kuwaleta wake zao wakabaki wakiwapigia simu usiku kucha. Ilikuwa Februari 2023 ndipo serikali ilipotangaza kwamba watu wapatao 19,000 waliokuwa na vibali hivyo, Waafghani wengi miongoni mwao, wanaweza kuomba ukaazi wa kudumu na, kwa kuupata, kuomba familia zao zije. Maombi hayo huchukua miaka, na mengi bado yanasubiri. Kwa kila mume anayefungua mlango wa kibanda cha mishikaki peke yake asubuhi huko Dandenong, yuko mke Quetta au Ghazni anayejua kukunja ashak, na jina lake limo kwenye faili.